Waini ya Nyumba

Tangu nirudi, pale kijiweni mtaani kwetu Ng'ambo mnaniuliza jambo moja tu: waini ya melini mtu wa kawaida anaimudu vipi? Nitawajibu, maana hakuna mwingine wa kuwajibu. Kati yenu ni nani aliyewahi kukaa kwenye meza yenye kitambaa cheupe katikati ya Ziwa Tanganyika, akafunguliwa chupa kama waziri? Ni mimi. Maganga wa darasa la nne, niliyeanza na baiskeli ya kununulia asali Sikonge, leo nina Fuso na nyumba ya vyumba saba. Lakini habari ya waini siwezi kuieleza bila kumtaja mama mkwe wangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Konsolata wangu mlimzika pamoja nami. Msichojua ni kwamba ile safari ilikuwa ya kwake. Aliiona kwenye simu: meli ya watalii inateremka na ziwa kutoka Kigoma, inalala huku na huku, inarudi. Akasema, "Mzee, twende kabla hatujawa wazee kweli." Nikalipia watu wawili. Ini lake halikutusubiri.

Nafasi yake ikabaki. Ndipo mama yake, aliyevuka toka Burundi akiwa msichana na kumzaa Konsolata hapo Ulyankulu, akaniletea neno kwa mdomo wa kaka yake, mjomba Sipriani: "Nafasi ya mwanangu nitaikalia mimi. Na huko huko tutamaliza."

Hako kaneno ka kumaliza ndiko nilikokuwa nakakimbia. Kwao msiba hauishi na arobaini. Iko siku ya kuvua msiba, wao wanaita kuganduka. Mfiwa anapika pombe ya ndizi na mtama nyumbani kwake, wakwe wanakuja, wanakunywa naye, kisha basi. Mgane yuko huru, aoe akitaka. Wenye watoto ukwe wao hauvunjiki, kuna wajukuu wa kuushika. Sisi Mungu hakutujalia. Kwa hiyo siku nitakayoinywa ile pombe na mama mkwe, mimi na yeye tunabaki watu waliowahi kujuana. Basi kila wakiniuliza, ndizi zangu zilikuwa hazijaiva. Wakiuliza tena, mtama wangu umeliwa na ndege. Mimi, mwenye Fuso, nakosa mtama!

Ulyankulu

Njia ya Ulyankulu naijua hata nikifumba macho. Tangu msiba sikukosa Jumapili hata moja. Napeleka sukari na sabuni, nakalia kigoda nje ya jiko, yeye anakaa ndani, tunaongea ukuta ukiwa katikati. Hivyo ndivyo mkwe anavyokaa na mama mkwe. Hamtazamani, na kula pamoja ndiyo kabisa haifikiriki.

Sasa gari halina ukuta. Nilikwenda na ile dabo kebini yangu nyeupe, nimeiosha hadi kwenye matairi. Mama mkwe akaizunguka mara moja, akapanda kiti cha nyuma, nyuma yangu kabisa, akajifunika khanga. Mimi nikakizungusha kioo cha ndani kikatazama paa.

Mjomba Sipriani alicheka mpaka akakohoa. "Mkwe, utaendesha hivyo mpaka Kigoma? Atakayekuja nyuma yako utamwonaje?"

"Nitamsikia akinigonga, mjomba."

"Haya. Mkirudi, mrudi mmemaliza. Shangazi za Konsolata wanauliza."

Niliwasha gari.

Urambo hadi Kaliua

Mpaka Urambo hatukusema neno. Mvua ilitupokea baada ya hapo, na kabla ya Kaliua tukakuta roli la tumbaku limekaa kiubavu kwenye njia ya mchepuko, marobota yote tope. Foleni ndefu. Madereva wakavua viatu, kila mmoja anatoa amri na hakuna anayesukuma. Nami nikashuka nikatoa amri yangu. Roli halikusogea.

Pembeni alikuwepo mama ntilie, kafunga turubai kwenye miti, anauza ugali na kuku wa kienyeji wa mchuzi wa karanga. Nilinunua sahani mbili. Moja nikaiweka juu ya boneti, nikageuka, nikaenda kula ya kwangu nyuma ya gari, mvua inanichapa mgongoni. Mama mkwe akateremka akala mbele, kajifunika.

Mama ntilie alituangalia, akashindwa kujizuia. "Baba, umemkosea nini mama yako? Mtu na mamaye mnanuniana namna hiyo?"

"Si mama yangu. Ni mama mkwe."

"Ala! Basi sogea huko, hapo ulipo unaiona mpaka sahani yake!" Akanisukuma na mwiko. Watu wote wa foleni wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Tuliporudi garini tukakaa tukisikiliza mvua. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ndizi zako zimeiva?"

"Bado, mama."

"Ndizi gani hizo zisizoiva na mvua yote hii?"

Nikasema ni mbegu mpya, ya kisasa, inachelewa. Baadaye akasema kwa upole kabisa, "Konsolata alikuwa ananiambia wewe huwezi kudanganya. Alikuwa anakupenda, ndiyo maana."

Niliwasha waipa ingawa gari lilikuwa limesimama.

Uvinza mpaka ziwani

Uvinza tulifika mchana wa siku ya pili. Nilinunua mfuko wa chumvi ya pale, maana mfanyabiashara hapiti mahali mikono mitupu. Njia hii ndiyo waliyopita babu zetu na mizigo mabegani, wakienda Ujiji na kurudi, na mimi naipita na kiyoyozi. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti, mama mkwe ajue amemwoza binti yake kwa mtu wa namna gani. Nikakumbuka yeye aliipita njia hii hii kwa miguu, kabeba mdogo wake. Nikafunga mdomo.

Tulipoliona ziwa kutoka juu alisema, "Simama." Nikasimama. Nilimsikia anashuka, nikangoja bila kugeuka. Alikaa kule nje muda. Aliporudi alisema, "Nilidhani litakuwa limepungua," kisha tukateremka mjini tukala migebuka ya kukaanga, yeye upande mmoja wa mgahawa, mimi upande wa pili. Mhudumu alidhani tunadaiana.

Melini

Sasa waini. Tulieni.

Chumba cha kulia ni kidogo, meza zake zote ni za wawili wawili, na kila meza ina kadi ya jina. Yetu iliandikwa Bwana na Bibi Maganga. Mama mkwe alipoonyeshwa kiti kinachonitazama alirudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Wazungu wakadhani anaumwa. Mhudumu wa vinywaji akaja mbio, jitu la makamo lenye masikio yaliyotogwa zamani. Nikamjua hapo hapo.

"Wewe Mgogo."

"Na wewe Mnyamwezi. Mzigo wako umeuweka wapi, mpagazi?"

Mtani! Jina lake Mathiasi. Nilimnong'oneza habari ya ukwe, akaelewa kabla sijamaliza. Alizivuta meza mbili akaziweka karibu, viti vimepeana mgongo. Mama mkwe akatazama ziwa la kushoto, mimi la kulia. Katikati akasimama Mathiasi, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa ukuta wetu.

Akaniletea orodha ya waini, kubwa kama msahafu. Majina ya kizungu siyawezi, siwafichi. Lakini bei ni namba, na namba hazijawahi kunishinda. Angalieni. Ya kwanza juu ni ya bei ya chini, na wanajua kila mtu anaona haya kuagiza ya kwanza mbele ya watu, kwa hiyo wote wanakimbilia ya pili. Mimi ningekuwa mwenye meli, faida yangu ningeificha kwenye hiyo ya pili. Nikairuka. Halafu zile zilizotoka Ulaya: chupa imepanda meli, imepanda roli, imelipa ushuru, na nauli yote hiyo unainywa wewe. Asali ya Sikonge nikiipeleka Dar bei inapanda kwa sababu hiyo hiyo, wala haijawa tamu zaidi. Nikaweka kidole kwenye ya Dodoma.

"Umechagua ya kwetu," Mathiasi akasema. "Hongo."

"Babu zako waliwatoza babu zangu hongo ya maji kila kisima, leo unanitoza ya zabibu?"

"Maji yetu, zabibu zetu. Hukutaka, ungepita Uganda."

Nyuma yangu sauti ya mama mkwe ikasema, "Mwanangu, muulize mkwe wangu kama leo ndiyo siku."

Mathiasi akageuka kwangu. "Anauliza kama leo ndiyo siku."

Nilimweleza kwa sauti ya chini siku hiyo ni ya nini. Uso ukambadilika kidogo. Nikamwambia, "Mwambie hii ni nyeupe. Msiba hauvuliwi kwa kinywaji cheupe."

Akamwambia. Mama mkwe akajibu, "Nani kamfundisha hayo?"

"Anauliza nani kakufundisha hayo."

"Nimemsikia, nina masikio!"

Nilikunywa peke yangu nusu ya chupa. Na hapa jifunzeni: usinunue glasi moja moja, nunua chupa. Isipoisha wanaiandika namba ya chumba, wanaitunza, kesho unaikuta. Glasi nne zinakula bei ya chupa nzima. Kesho yake niliikuta, na sikuitaka. Nikaagiza nyekundu ya Afrika Kusini. Swali likaja, nikasema hii imezidi bei, Konsolata hakustahili kuagwa kwa kitu cha kulanguliwa. Jioni iliyofuata nikapata nyekundu ya bei nzuri kabisa, hata Mathiasi alikubali. Nikaangalia shingo ya chupa.

"Mwambie hii kizibo chake ni cha kuzungusha, kama soda. Aibu."

Mathiasi hakugeuka kumwambia. Aliinama akajifanya anafuta meza yangu. "Mpagazi, babu zako walibeba pembe toka hapa mpaka baharini. Wewe neno moja la mama wa watu linakushinda kubeba?"

"Usiniingilie."

"Mimi mtani wako. Nisipokuingilia mimi, aje nani?"

Chupa zangu zilizoanzwa zilikuwa zimejipanga kaunta, zote na namba ya chumba changu, kama watu waliopanga foleni wakisubiri nimalize nao. Wengine melini walikunywa wakaimba. Mimi nilikuwa nikinywa nawaza kwamba Konsolata angecheka hizi bei, angesema, "Mzee, tukanywe maji." Kiti chake kilikuwa nyuma yangu, kimekaliwa na mama yake, na sikuruhusiwa hata kugeuka.

Mchana wa mwisho

Siku ya mwisho meli ilikuwa inarudi Kigoma. Tulikaa kula mchana, jua kali, maji yametulia. Niliagiza samaki, nikasema waini leo sitaki, kichwa kinauma. Nikajiona nimeshinda. Tukishuka, ndizi zangu zitaendelea kutoiva.

Mama mkwe akaita. "Mwanangu, njoo. Mimi sijui kusoma hilo buku lenu. Kile kinywaji cha chini kabisa, cha watu wasio na kitu, kinaitwaje?"

"Hicho, mama, ni waini ya nyumba."

Akasema, "Rudia."

"Waini ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Mathiasi alinitazama mimi kwanza. Mgogo yule! Angeweza kusema ni jina tu. Badala yake akasema, "Ya mwenyeji, mama. Ya aliyekukaribisha."

"Na aliyenikaribisha mimi ni nani? Nani alilipia?"

"Bwana Maganga."

"Basi imetoka nyumbani kwake," mama mkwe akasema. "Lete."

Niliruka. Nikasahau hata mwenye kupeleka maneno. "Mama, hilo ni neno la kizungu tu! Hiyo iko kwenye boksi. Boksi la karatasi, lina bomba!"

"Hata mtungi una mdomo."

"Haina hata jina!"

"Ya kwetu ilikuwa na jina?"

Wazungu waliokuwa karibu waliacha kula. Nikasema mengine, sikumbuki yote. Nadhani nilisema nitapika mwenyewe, wiki ijayo, nitanunua ndizi za Urambo nzima. Aliniacha mpaka nikaishiwa. Halafu akaongea, mgongo wake kwa wangu, na hakumtuma Mathiasi.

"Mkwe wangu, nikuambie. Kila Jumapili nikisikia gari lako, nachukua kigoda naweka nje ya jiko, nakaa ndani. Wewe unaleta sukari. Unaongea habari za asali, sauti inakatika, unaondoka. Na mimi jioni hiyo namzika tena Konsolata. Jumatatu, Jumanne, naanza kupona. Jumapili unakuja. Mimi ni mzee. Sina nguvu ya kumzika kila wiki."

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Nilidhani nampelekea faraja.

"Na wewe," akasema, "vyumba saba unalala kimoja. Nimeambiwa hata kitanda hujakihamisha. Mwanangu hakukupenda ili uwe mlinzi wa kaburi."

Nilikaa. Nilimwambia Mathiasi alete.

"Glasi mbili?"

"Jagi moja," mama mkwe akasema, "na mirija miwili." Kwao pombe ya kuvua msiba hunywewa chombo kimoja.

Mathiasi alileta jagi la kioo na mirija ya karatasi, ile ya watoto ya kunywea juisi, yenye mistari myekundu. Akaliweka juu ya kigoda kati ya viti vyetu. Yeye ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, akaenda kaunta kufuta glasi zilizokuwa zimefutwa.

Nilivuta. Ilikuwa kali kidogo, baridi, si mbaya. Nikasikia naye anavuta. Akasema maneno ya Kirundi, taratibu, jina la Konsolata likiwa katikati, kisha akavuta tena. Tukavuta hivyo kwa zamu mpaka jagi likaanza kukoroma chini. Mimi nilikuwa nalia, na mrija wa karatasi ukiloa unalegea mdomoni, huwezi kulia na kunywa kwa heshima. Wa mwisho kumaliza nilikuwa mimi.

Halafu nikasikia kiti kinaburuzwa.

Alikigeuza. Akaja akakaa mezani kwangu, uso kwa uso, akaishusha khanga mabegani. Miaka yote ile ya ndoa nilikuwa sijapata kuuona uso wake vizuri. Ana macho ya Konsolata, yale yale, ila yamechoka. Akavuta sahani yangu ya samaki katikati, akamega, akaweka mdomoni, akatafuna huku ananitazama.

"Maganga," akasema, "nipe chumvi hapo."

Ninyi wa Ng'ambo hamtaelewa. Kwao mama mkwe hatamki jina la mkwe wake. Halitamki hata akiwa mgonjwa, hata akimsema vibaya kwa majirani. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kuniita hivyo. Jina hilo analo kila mtu, mwenye duka, trafiki, fundi wa tairi. Sasa na yeye analo.

Nikampa chumvi. Tukala samaki pamoja mpaka mifupa.

Sasa mtauliza ipi ina thamani kuliko zote. Kwa bei, hakuna iliyoishinda ile ya boksi. Ya Dodoma ilikuwa na ladha nzuri zaidi. Chupa zangu zilizobaki nilimwachia Mathiasi, akasema hiyo sasa ndiyo hongo, na akanishika mkono muda mrefu kuliko mtani anavyopaswa.

Kurudi

Kurudi alikaa kiti cha mbele. Alizungumza njia nzima, kama abiria yeyote mchangamfu: bei ya mahindi, barabara ilivyo nzuri, yule mama ntilie kama bado yupo. Alikuwepo. Tulikula benchi moja na hakutusemesha. Mimi nilijibu ndiyo, ndiyo. Kuendesha na mtu anayekutazama pembeni ni kazi ngeni.

Ulyankulu nilimshushia mfuko wake na ile chumvi ya Uvinza. Mjomba Sipriani alitoka, akatuona tumesimama karibu, akaelewa, akarudi ndani kimya kimya.

"Asante kwa safari," akaniambia. "Ukiwa na shughuli za huku, ukipita, karibu."

Ndivyo tunavyomwambia mtu yeyote. Nilitaka kumuaga kwa heshima, nikafungua mdomo, nikakosa namna ya kumwita. Mama mkwe si mkwe tena, na jina lake sijawahi kulitamka. Nikasema, "Shikamoo," salamu ya anayefika, wakati naondoka.

"Marahaba," akaitikia, akachukua ndoo, akaenda bombani.